SOMO LA ROBO HII: Kuchagua Vifaa vya Kwanza vya Kutunza Pikipiki na Gari la Usharika



Katika ziara zetu za ufuatiliaji tumeulizwa swali moja mara nyingi: "Tukipata fedha kidogo ya vifaa vya matengenezo, tununue nini kwanza?" Swali hili linaonekana dogo. Lakini pikipiki ya mwinjilisti ikilala, mitaa ya mbali hukaa bila ibada ya pamoja, mgonjwa hatembelewi, na ripoti ya mradi haifiki kwa wakati. Kwa hiyo tumeona vema somo la robo hii liwe juu ya spana, bisibisi na jeki.

Tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, sisi wa ofisi ya miradi tulinunua seti kubwa za vifaa kwa ajili ya baadhi ya sharika. Kila seti ilikuja katika sanduku la plastiki lenye vipande zaidi ya mia moja, vikimetameta kama sahani za harusi. Tulipiga picha ya makabidhiano na kuituma kwa wabia. Kila mtu alifurahi.

Tuliporudi baada ya mwaka na nusu, tulikuta hali nyingine. Katika usharika mmoja, nusu ya vipande vilikuwa bado havijaguswa, kwa sababu vilikuwa vya inchi na pikipiki yao ni ya milimita. Spana namba 10 na namba 12, zinazotumika kila wiki, zilikuwa zimepotea. Racheti ilikuwa inaruka meno. Mwinjilisti alikuwa amejaribu kufungua bolti ya kumwagia oili kwa kipande kisicholingana nayo, bolti ikaviringika kichwa, ikagoma kufunguka. Akaamua kuongeza oili tu juu ya ile chafu, mwezi baada ya mwezi. Mwishoni injini ikakwama. Gharama ya kuifufua ilikula fedha iliyokuwa imetengwa kwa kazi nyingine, na kwa muda wa miezi mitatu mitaa miwili ilifikiwa kwa miguu tu.

Mwinjilisti yule hakuwa mzembe. Tulimpa vipande mia, lakini ule mmoja aliouhitaji haukuwamo. Kosa lilikuwa letu, kwa sababu tulichagua sanduku kabla ya kuitazama pikipiki.

Hapo ndipo lilipo fundisho la somo hili: anza na chombo ulicho nacho na kazi utakayoifanya kweli, ndipo ununue vifaa. Vifaa kumi na viwili vizuri vinavyolingana na nati zako ni bora kuliko mia moja vya kupigia picha.

1. Kwanza, kitazame chombo chenyewe

Kabla kamati haijapitisha fedha yoyote, wateueni watu wawili: yule anayeendesha chombo kila siku, na fundi mnayemwamini. Wapeni daftari na kalamu. Waazime spana za fundi, wakizunguke chombo, na waandike namba ya kila nati na bolti inayohusika na matunzo ya kawaida: bolti ya kumwagia oili, nati ya ekseli ya nyuma, virekebisho vya cheni, kebo ya klachi, vichwa vya betri, kifuniko cha kisafisha hewa, na nati za magurudumu. Kazi hii haichukui zaidi ya saa moja, na haigharimu kitu ila chai ya fundi.

Mtashangaa jinsi orodha itakavyokuwa fupi. Katika vyombo vingi vya Kijapani, namba zinazojirudia ni 8, 10, 12, 14, 17 na 19. Pikipiki nyingi za Kichina tunazozitumia vijijini zimefuata muundo wa Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976, na kwa hiyo namba zake zinafanana sana na za Kijapani, ingawa katika baadhi yake utakuta pia namba 13.

Kwa nini 12 hapa na 13 kule? Namba ya spana hupima upana wa kichwa cha bolti na siyo unene wa bolti yenyewe. Bolti yenye unene wa milimita 8 katika chombo cha Kijapani mara nyingi huwa na kichwa cha milimita 12, lakini bolti ya unene huohuo katika chombo cha Ulaya kwa kawaida huwa na kichwa cha 13. Ndiyo maana hatuwezi kuandika orodha moja ya sharika zote na kusema yatosha. Orodha ya kweli ni ile mliyoiandika mkiwa mmepiga magoti kando ya chombo chenu.

2. Milimita na inchi

Jambo hili limetugharimu, kwa hiyo tulieleze kwa tarakimu. Inchi moja ni milimita 25.4. Soketi ya nusu inchi, basi, ina upana wa milimita 12.7. Ukiivalisha kwenye nati namba 12, inaingia, na mtu asiye na uzoefu anadhani imekaa sawasawa. Kumbe kuna pengo la milimita 0.7. Ukikaza mkono, soketi inateleza na kula pembe za nati. Ukirudia mara mbili au tatu nati inakuwa ya duara, na hapo hata spana sahihi haitashika tena.

Soketi ya tatu ya nane ya inchi ni milimita 9.5, nayo haiingii kabisa kwenye namba 10. Ziko chache zinazokaribiana, kwa mfano robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, nayo hukaa vizuri kwenye namba 19. Lakini bahati ya kipande kimoja isiwafanye mnunue sanduku zima.

Vipimo vya inchi vina mahali pake. Land Rover za zamani za Series, ambazo bado zinaonekana katika misheni kongwe, zilifungwa kwa bolti za inchi. Kama usharika wenu una gari la namna hiyo, vipande vya inchi ni lazima kwenu. Kwa wengine wote, msinunue.

Angalizo moja lisiwachanganye: tundu la mraba nyuma ya soketi, pale mpini unapoingia, hupimwa kwa inchi hata katika seti za milimita. Ukisikia "seti ya nusu inchi", muuzaji anaweza kuwa anazungumzia tundu hilo. Mwulize waziwazi: "Namba za soketi ni za milimita?" Kisha zisome wewe mwenyewe zilivyochongwa kwenye chuma.

3. Kazi zetu na kazi za fundi

Vifaa vya kwanza ni vya kutunza chombo na kujikwamua njiani. Havikusudiwi kugeuza ua wa kanisa kuwa gereji. Tunashauri kila usharika uandike orodha mbili na kuzibandika mahali vifaa vinapokaa.

Kazi za kufanya wenyewe: kubadilisha oili, kusafisha au kubadilisha kisafisha hewa, kurekebisha cheni na kuitia mafuta, kurekebisha kebo ya klachi, kusafisha plagi, kuziba pancha, kukaza nati zilizolegea, kusafisha vichwa vya betri, kubadilisha balbu na fyuzi, na kubadilisha gurudumu.

Kazi za fundi: kufungua injini au gia boksi, pampu ya dizeli na nozeli zake, usukani, na breki za mafuta. Breki tumeziandika hapo kwa makusudi. Kutazama kiwango cha mafuta ya breki na unene wa pedi ni kazi yetu, lakini kufungua mfumo wake ni kazi ya mtu aliyefundishwa. Kosa la oili huua injini. Kosa la breki huua watu.

Ukiwa na orodha hizi mbili, nusu ya tamaa za dukani zinajiondokea zenyewe.

4. Vifaa vya kwanza vya pikipiki

Tunapendekeza vifuatavyo, baada ya kulinganisha na namba mlizoandika:

(a) Spana zenye mdomo wazi upande mmoja na ringi upande wa pili: namba 8, 10, 12, 13, 14, 17 na 19. Fundisheni hivi: upande wa ringi ndio wa kulegezea na wa kukaza mwisho, kwa sababu unaishika nati pande zote. Mdomo wazi ni wa kuzungushia haraka nati ikishalegea. Nati ya ekseli ya pikipiki nyingine ni kubwa kuliko 19, kwa hiyo ipimeni.

(b) Spana ya plagi. Pikipiki nyingi za muundo wa CG125 hutumia plagi yenye kichwa cha milimita 18, na nyingine ndogo hutumia 16. Nunueni inayolingana na yenu, na ndani yake iwe na raba ya kuishika plagi isianguke.

(c) Bisibisi mbili: ya nyota namba 2, na ya bapa ya ukubwa wa kati. Skrubu za nyota za vyombo vya Kijapani huharibika haraka kwa bisibisi isiyojaa kwenye mfereji wake. Sukuma kwa nguvu ndipo uzungushe.

(d) Koleo moja la kawaida lenye sehemu ya kukatia waya.

(e) Alenki namba 4, 5 na 6, kama pikipiki yenu ina skrubu zenye tundu la pembe sita.

(f) Vyuma viwili au vitatu vya kubandulia tairi, vyenye ncha za mviringo zisizotoboa mpira wa ndani. Bisibisi isitumike kwa kazi hii. Tumeona mpira mmoja ukizibwa pancha moja na kutoka na tatu.

(g) Pampu, geji ya upepo, viraka na gundi yake. Gundi hukauka ikishafunguliwa, kwa hiyo ikaguliwe kila robo mwaka.

(h) Geji ya vibati vyembamba ya kupimia mwanya wa plagi. Kwa pikipiki nyingi ndogo mwanya huo ni kati ya milimita 0.6 na 0.7.

(i) Brashi ya waya na kitambaa kikavu.

Hivyo tu. Vyote vinaingia katika mfuko mmoja chini ya kiti au nyuma kwenye keria. Kwa vifaa hivi mwinjilisti anaweza kurekebisha cheni, ambayo katika pikipiki nyingi ndogo inatakiwa icheze kati ya milimita 20 na 30 hivi inaposukumwa juu na chini katikati. Kitabu cha pikipiki yenu ndicho chenye neno la mwisho kuhusu kipimo hicho. Cheni iliyokazwa mno huharibu beringi, na iliyolegea mno huruka ikafunga gurudumu. Baada ya kuvuta ekseli nyuma, hakikisheni alama za pande zote mbili zinalingana, kisha rekebisheni breki ya nyuma, maana fimbo yake nayo imevutika.

5. Nyongeza kwa usharika wenye gari

Kama mna gari, mfano Hilux au Land Cruiser, ongezeni haya:

(a) Soketi, ambazo mafundi wengi huziita boksi, zenye tundu la nusu inchi: namba 10, 12, 14, 17, 19 na 21, pamoja na racheti, kiungo kimoja cha kurefusha, na mpini mmoja mrefu usio na racheti. Mpini mrefu ndio wa kulegezea nati ngumu. Racheti ikifanyishwa kazi hiyo, meno yake huisha mapema. Chagueni soketi za pembe sita kuliko za pembe kumi na mbili, kwa sababu hushika vizuri zaidi nati zilizochakaa au zenye kutu.

(b) Wili spana inayolingana na nati zenu. Hilux na Toyota nyingi ndogo hutumia 21, lakini pimeni.

(c) Jeki yenye uwezo unaozidi mzigo itakaouinua, stendi mbili za chuma za kuegemezea gari, na vigingi viwili vya mbao vya kuzuia magurudumu.

(d) Nyundo ya kiasi, na koleo la kujifunga ambalo mafundi huliita vaisigripi.

(e) Spana ya kufungulia filta ya oili, karai la kupokelea oili, na faneli.

(f) Kipima umeme. Betri nzuri ya volti 12 iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, huonyesha karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, kipimo kiwe kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Kikibaki palepale kwenye 12, shida huenda iko kwenye oltaneta, waya au mkanda wake. Kwa kipimo hiki cha dakika moja, kamati inaweza kuepuka kununua betri mpya isiyohitajika.

(g) Tochi ya kuvaa kichwani, glavu na miwani ya kukinga macho.

Spana ya plagi isinunuliwe kwa gari la dizeli. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Tunasema hivi kwa sababu tumewahi kuilipia.

Na ile spana ya kupanua na kupunguza mdomo? Mafundi wa mitaani wameipa jina tusiloweza kuliandika katika jarida hili, kwa sababu inakwenda na kila nati. Inasaidia njiani, lakini mdomo wake hulegea na kula pembe za nati. Iwe ya akiba, isiwe ya kwanza.

6. Kupima ubora dukani

Wengi huangalia mng'aro. Mng'aro ni rangi ya juu tu. Tunashauri mambo matano.

Kwanza, nenda dukani na nati na bolti mpya za namba 10, 12 na 14 mfukoni. Ijaribu kila spana. Ivae bila kulazimishwa, na ikishavaa isichezecheze.

Pili, tazama mdomo wa spana. Kingo ziwe safi na sawa, bila vishimo wala mabaki ya chuma kilichomiminwa vibaya.

Tatu, zungusha racheti pande zote mbili huku ukiishika soketi kwa vidole. Isikilize. Mlio uwe mmoja, bila kuruka.

Nne, maneno "Chrome Vanadium" yaliyochongwa ni dalili nzuri, lakini siyo ushahidi. Kuchonga maneno ni rahisi kuliko kutengeneza chuma. Jaribu la nati ndilo la kuaminika zaidi.

Tano, usidharau vifaa vya mitumba. Spana kuukuu iliyofuliwa vizuri, yenye mikwaruzo lakini mdomo mzima, mara nyingi itaishi kuliko mpya ya bei ya chini.

Kwa upande wa fedha, utaratibu ni uleule: kamati ichukue bei za maduka matatu kwa orodha ileile, iandike kwa nini imechagua duka fulani, na idai risiti ya EFD yenye jina la usharika. Fedha ikiwa haitoshi, msipunguze ubora. Punguzeni idadi. Nunueni 10, 12, 14 na 17 zilizo nzuri mwaka huu, na nyingine mwakani.

7. Usalama hauahirishwi

Katika orodha ya gari, kitu kinachokatwa kwanza fedha ikipungua ni stendi za chuma. Watu husema, "Jeki ipo." Wapendwa, jeki ni ya kuinua, siyo ya kushikilia. Jeki ya mafuta ikivuja kidogo ndani, au ikisimama kwenye udongo laini, gari hushuka bila taarifa. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kwa kuokota spana iliyoanguka. Kama hakuna fedha ya stendi, basi kazi za chini ya gari zihamishiwe kwenye orodha ya fundi. Matofali ya kuchoma yasitumike badala yake, kwa sababu hupasuka ghafla.

Wakati wa kubadilisha gurudumu: egesha mahali pa tambarare, vuta breki ya mkono, weka vigingi, legeza nati kidogo gurudumu likiwa bado chini, ndipo uinue. Wakati wa kufunga, kaza kwa kuvukana kama nyota, siyo kwa kuzunguka. Baada ya kilometa 50 hadi 100 simama ukaze tena. Na kama umezuia gari kwa mawe barabarani, yaondoe kabla hujaondoka. Jiwe ulilolisahau mchana ni ajali ya mwenzako usiku.

Betri: fungua waya wa hasi kwanza, na uurudishe mwisho. Ukianza na chanya, spana ikagusa bodi, cheche zitaruka.

Oili chafu ikusanywe katika dumu lenye alama. Isimwagwe karibu na kisima, mto wala shamba la mboga.

8. Nani anashika vifaa?

Vifaa vyetu vya awali havikuisha kwa kutumika. Vingi viliisha kwa kuazimwa. Na katika sharika zetu ni vigumu kumnyima jirani spana, hasa akiwa mzee wa kanisa. Kwa hiyo msimwachie mtu mmoja mzigo wa kusema hapana. Wekeni utaratibu utakaosema kwa niaba yake.

Utaratibu ulioleta matunda katika sharika zetu ni huu. Mtu mmoja anakabidhiwa vifaa kwa maandishi. Kuna daftari lenye safu tano: tarehe, kifaa, aliyechukua, saini, kimerudi lini. Vifaa vya pikipiki haviazimishwi kabisa. Vya gari huazimishwa kwa kazi inayofanyika palepale kwenye ua. Kila kifaa hupakwa alama ya rangi moja ya usharika. Na mtunza hazina huhesabu vifaa kila robo mwaka, siku ileile anayohesabu fedha.

Katika usharika mmoja, akina mama wa ushonaji walitengeneza mkoba wa turubai wenye mifuko myembamba, kila mfuko na namba yake iliyoshonwa kwa uzi mwekundu. Ukiukunjua, mfuko mtupu unaonekana mara moja. Sanduku letu la plastiki la gharama kubwa halikuwa na faida hiyo, kwa sababu vishikizo vyake vilivunjika mapema na vipande vikachanganyika.

Chuma kifutwe kwa kitambaa chenye oili kidogo baada ya kazi, hasa wakati wa mvua. Spana yenye kutu haijafa, lakini inaanza kuumwa.

9. Neno kwa wabia wetu

Tunawashukuru kwa moyo wenu, na tunawaomba mtusaidie kwa namna inayofaa zaidi. Kabla ya kukusanya vifaa katika sharika zenu huko na kuvituma, tuandikieni kwanza. Tutawatumia aina ya chombo, mwaka wake, na orodha ya namba. Vifaa vya inchi, hata vizuri, vitalala kabatini kwetu isipokuwa mahali penye gari la vipimo hivyo.

Pili, tunaomba bajeti ya vifaa iende pamoja na bajeti ya mafunzo. Siku mbili za mwinjilisti kukaa na fundi mwaminifu, akifungua na kufunga pikipiki yake mwenyewe, zina thamani kuliko sanduku la pili.

Tatu, msitudai picha ya makabidhiano peke yake. Tudaini daftari la mwaka wa kwanza: oili imebadilishwa mara ngapi, vifaa vingapi vipo, safari ngapi zilikatizwa. Sisi wenyewe tumejifunza kujiuliza maswali hayo kwa kuchelewa.

10. Maswali ya kujadili katika kamati

1. Je, tunazo namba za nati zote za matunzo ya chombo chetu? Kama hatuna, nani atazichukua, na lini?

2. Ni kazi zipi tunazolipia gereji sasa ambazo tungeweza kuzifanya wenyewe? Na ni zipi tunazozifanya wenyewe ambazo zinapaswa kwenda kwa fundi?

3. Katika vifaa tulivyo navyo leo, vingapi vimetumika ndani ya miezi mitatu iliyopita?

4. Nani anavishika, na mara ya mwisho vilihesabiwa lini?

5. Je, kuna mtu katika usharika wetu anayeingia chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee? Tutamwambiaje, na tutampa nini badala yake?

Tunaomba majibu ya swali la kwanza yaletwe ofisi ya miradi pamoja na ripoti zenu za robo hii, hata kama ni kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Sharika zitakazoleta namba zao ndizo tutakazoanza nazo katika manunuzi yajayo, kwa sababu safari hii hatutanunua kipande chochote kabla ya kuona namba hizo.

Yule mwinjilisti tuliyemtaja mwanzoni bado yuko kazini. Pikipiki yake ilipata injini iliyotengenezwa upya na bolti mpya ya oili. Tulipompelekea vifaa mara ya pili, vilikuwa spana saba, bisibisi mbili, koleo, spana ya plagi na vya pancha. Alivipanga juu ya mkeka, akaivalisha spana namba 17 kwenye bolti ile, akaitikisa kidogo, haikucheza. Akasema, "Hii sasa ni yake."

Mungu aibariki kazi ya mikono yenu. Tukutane katika toleo lijalo.